Mzazi Anakimbia

Ulimwona. Usitikise kichwa, ulimwona. Alipita mbele ya duka lako asubuhi, jua likiwa bado halijapasha bati, amevaa suruali ya mazoezi ya mume wake na fulana iliyochakaa, kifua kimelowa maziwa, anakimbia kwa tahadhari kama aliyejitwika ndoo asiyotaka imwagike. Ulicheka. Au hukucheka, ulitabasamu tu, na anayetabasamu ni mchekaji aliyefunga mdomo. Kisha pale kwenye mteremko wa kwenda ziwani ulimwona akisimama ghafla, mapaja ameyabana, ameinama kama anayefunga kamba ya kiatu, na kiatu chake hakikuwa na kamba. Hapo ndipo ulipogeuza macho. Ukajifanya unatafuta kitu kwenye simu. Basi kaa usikie ulichokikwepa, kwa sababu mji huu una tabia ya kusahau wanawake, na wapo wasiosahau.

Wapo wanaomkumbuka Maria, aliyekuwa mlinzi kwenye kiwanda cha kukamua alizeti, akaenda kujifungua, akarudi akaambiwa sare haimtoshi. Leo anachemsha mayai stendi. Wapo wanaomkumbuka Elizabeti, aliyerudi akiwa na mapacha, akakimbizwa uwanjani mpaka akaanguka, akapandishwa basi kurudi kwao Kintinku, na mkoba wake ukafuata kwa basi jingine. Hakuna aliyeuliza. Wa tatu ni huyu uliyemwona. Anaitwa Jesca.

Jesca na mumewe Enock walipanga vyumba viwili mtaa wa Utemini, nyuma ya mashine ya kusaga. Enock ni fundi ujenzi: nyumba za watu zikipanda anakula, zikisimama anafunga mkanda. Mshahara wa kutegemewa ulikuwa wa Jesca. Alikuwa mlinzi wa geti kwenye kile kiwanda, akiwapekua wanawake wanaotoka kuchambua mbegu, maana mwanamume hawezi kumpapasa mke wa mtu eti anatafuta chupa ya mafuta. Kazi ya kusimama, ya vumbi la mashudu, yale makapi ya alizeti iliyokamuliwa, ya kusonywa na wenzako unaowapekua. Lakini kodi ililipwa, na Enock alipokosa kibarua hakulazimika kumwangalia mtu usoni akiomba.

Alipozaliwa Elisha, mtoto wao wa kwanza, mama yake Enock akaja kutoka kijijini Ulemo kumtunza mzazi. Alishuka kwenye basi na kuku wawili waliofungwa miguu, debe la ulezi na dumu la mafuta ya alizeti, akaingia jikoni akalifanya lake. Kwao mzazi anatoka ndani amenenepa. Shingo iwe na mikunjo, mashavu yajae, kisigino kilainike. Watu wakimtazama mzazi wanajua kama nyumba ya mume ilimlisha au ilimla. Na ndugu wa Ulemo walikwisha kutuma neno kwamba watakuja kumwona.

"Maliza," alisema Mama Enock, amesimama na mwiko mkononi.

"Nimeshiba, mama."

"Sijauliza kama umeshiba. Mtoto ndiye anayekunywa huo uji, wewe ni bomba tu."

"Bomba limejaa, mama."

"Mimi nilizaa saba, sikuwahi kupasuka."

Enock alikuwa mlangoni akipangusa mwiko wake wa ujenzi. "Mama, mpunguzie kidogo," alisema. "Hata kitanda kimeanza kulalamika."

Mama Enock alicheka mpaka akajifuta macho kwa ncha ya kanga. Kwake hiyo ilikuwa sifa. Jesca aliinamisha uso kwenye bakuli akanywa uji wote uliobaki, mafuta yakielea juu yake kama vijicho, na hakuna aliyeona kwamba hakucheka.

Likizo ya uzazi ilipokaribia kwisha, alimfunga mtoto mgongoni akaenda kiwandani kuripoti. Mkuu wa walinzi aliitwa Benson, lakini alitaka aitwe Kamanda. Alikuwa mtu ambaye tumbo lake hufika mahali kabla yake. Alikuwa amekaa kivulini na vijana wawili wa zamu, Anselm na mwenzake.

"Karibu, mzazi," alisema Kamanda. "Umekuja peke yako au mmekuja wawili mkaungana?"

Vijana wakacheka. Jesca naye akacheka, kwa sababu anayetaka kazi hucheka.

"Nimekuja kuripoti, Kamanda. Baada ya wiki mbili narudi."

"Unarudi na nini? Suruali yako iko stoo. Kaijaribu tuone."

Aliijaribu nyuma ya magunia, Elisha amelazwa juu ya kanga. Zipu ilipanda kidogo ikagoma. Alivuta pumzi, akajilaza chali juu ya magunia, akavuta tena. Ikagoma. Alipotaka kuivua, sauti ya Kamanda ikamwambia atoke hivyo hivyo aonekane. Akatoka, fulana ameivuta chini kwa mikono miwili, kama msichana aliyekutwa anaoga mtoni.

"Naomba ya namba kubwa zaidi, Kamanda."

"Za wanawake zililetwa namba moja tu, zote sawa."

"Basi niipeleke kwa fundi aipanue kiunoni."

"Ukiikata umeharibu mali ya kampuni. Sikiliza, mama. Hapa nguo haiongezwi, mwili ndio unapunguzwa. Siku ya kurudi utakimbia uwanja wa shule pamoja na walinzi wote, umevaa sare kamili. Ukishindwa, kuna binti wa Manyoni kila siku ananipigia simu. Mwembamba, hana mtoto."

Jesca alitazama tumbo la Kamanda lililomwagikia mapajani. Halikuwahi kupimwa na mtu. Akarudi nyuma ya magunia akavua, akaikunja suruali aende nayo nyumbani mpaka siku hiyo.

Getini alimkuta Selina, mlinzi mwenzake, mama wa watoto wanne. Selina ndiye aliyemfundisha kazi.

"Usilie hapa," Selina alimwambia kwa sauti ya chini. "Pasua kanga, jifunge tumbo. Kaza mpaka pumzi ikwame. Halafu uwe unakimbia asubuhi."

"Wewe ulifanya hivyo, dada?"

"Mimi nilirudi kwa njia hiyo." Selina alitaka kuongeza neno, kisha akaita mwanamke aliyefuata kwenye foleni, akaanza kumpapasa mifuko.

Nyumbani Jesca alisema anakwenda maombi ya asubuhi. Mama Enock akafurahi, akasema mzazi anayeshukuru Mungu hupata maziwa mengi, akabaki na mtoto. Jesca akatoka na suruali ya Enock chini ya kitenge, tumbo limefungwa kwa kipande cha kanga kilichozungushwa mara nyingi, na nyuma ya ukuta wa mashine ya kusaga akakivua kitenge akakificha kwenye tundu la tofali.

Siku ya kwanza hakufika mbali. Upepo wa Singida wakati wa kipupwe haumhurumii mtu, ulimpiga kifuani palipolowa maziwa, mbavu zikaganda. Vijana wa bodaboda walikuwa wakiota moto wa maboksi.

"Mama, gia ya kwanza hiyo, weka ya pili."

"Mwache, ana mzigo. Gari ya mzigo haikimbii."

Aliwasalimia. Hilo ndilo lililomuuma baadaye, kwamba aliwasalimia. Alirudi akitembea, akavaa kitenge chake, akaingia ndani, na Mama Enock akampa bakuli la uji na kipande cha kuku. Akala. Angefanyaje? Asubuhi alikuwa anaupunguza mwili wa Kamanda, mchana anaunenepesha wa mama mkwe, na usiku Elisha anaunyonya uliobaki.

Watu hupenda kusikia kwamba mtu kama huyo alijikaza kwa sababu ya moyo wa chuma. Hakuwa na moyo wa chuma. Zipo asubuhi alizofika nyuma ya mashine akakaa tu juu ya tofali, akasubiri muda wa maombi uishe, akarudi. Ipo asubuhi alilala kabisa, akasingizia kichwa. Kilichomwinua siku iliyofuata ni kumwona Enock amekaa uani bila kibarua, ananoa mwiko ambao tayari ulikuwa unakata.

Lakini kuna asubuhi moja miguu yenyewe ilipata mwendo wake. Alivuka mawe makubwa ya njia ya ziwani bila kusimama, pumzi ikawa inaingia na kutoka bila kuombwa, mbele yake maji ya ziwa yametulia na ndege wamesimama kwa mguu mmoja. Kwa muda huo hakuwa bomba la mtu. Hakuwa mzigo, wala gari ya mzigo. Mwili ulikuwa wake, na aliupenda kama alivyoupenda akiwa msichana anayekimbia mbio za shule kwao Ikungi. Akaongeza mwendo kwenye mteremko.

Hapo mkojo ukamtoka.

Haukuwa mwingi. Ulikuja bila kubisha hodi, kila mguu ulipogusa chini, mchirizi wa moto katikati ya baridi. Akasimama, akabana, akainama kama anayefunga kamba ya kiatu. Hapo ndipo ulipomwona. Alidhani tumbo halikufungwa vizuri. Kesho yake akakaza kanga zaidi, na mkojo ukazidi. Kesho kutwa akamwomba Mungu msamaha kwa kumsingizia maombi, akakaza tena, goti likiwa juu ya kitanda kama mtu anayefunga gunia la vitunguu. Hakuna aliyemwambia kwamba kilichobanwa juu hutafuta njia ya chini. Alikunywa maji kidogo ili asiwe na cha kumwaga, na maziwa yakapungua, na Elisha akaanza kulia akiwa ameshika titi mdomoni.

Kliniki alikwenda. Mtoto akaning'inizwa kwenye mzani, akaandikwa, akasifiwa. Jesca alibaki amesimama mbele ya meza.

"Kuna tatizo jingine?" muuguzi aliuliza, macho kwenye kadi, nyuma ya Jesca foleni imetoka mpaka nje.

"Mimi," alisema Jesca. "Yaani, nikikimbia."

"Unakimbia kwenda wapi?"

Wanawake waliokuwa kwenye benchi wakacheka kidogo, bila ubaya. Jesca akasema hakuna tatizo. Akamchukua mtoto wake aliyepimwa, akaondoka yeye asiyepimwa.

Ndugu wa Ulemo walifika siku tatu kabla ya siku ya uwanja. Kiongozi wao alikuwa shangazi yake Enock, Rebeka, mwanamke mrefu ambaye hakuwahi kumsamehe Mama Enock kwa kuolewa na kaka yake.

"Shikamoo, shangazi," Jesca alipiga goti.

"Marahaba. Sogea mwangani." Rebeka alimshika mkono juu ya kiwiko, akaminya, akamgeuza kidogo, kama watu wanavyofanya mnadani kabla ya kutaja bei. Akamwangalia shingo. Kisha akawaangalia wenzake.

"Mama Enock," alisema taratibu, "ulikuja kumtunza mzazi, au mlikuwa mnagawana uji?"

Wakacheka. Mama Enock naye akacheka, sauti kavu kama ganda la alizeti. Akaleta kuku. Akaleta ugali wa uwele na mlenda. Rebeka alikula vizuri, akasema chakula kipo basi, huenda tatizo ni mpakuaji. Jioni wakaondoka, na neno likaondoka nao kwenda Ulemo, na wote waliobaki walijua hivyo.

Mama Enock alianza kwa Kinyiramba, ambacho Jesca alikuwa anakisikia nusu nusu, kisha akahamia Kiswahili ili asikose hata kimoja.

"Uji unaupeleka wapi? Unawapa kuku?"

"Nakunywa, mama. Nakimbia."

"Unakimbia nini?"

"Siendi maombi. Nakimbia barabarani, nipungue. Suruali ya kazini hainitoshi, na Kamanda amesema."

"Enock, umesikia mke wako?"

Enock alisikia. Alisema, "Mama, nitaongea naye." Akabaki amekaa. Hilo lilikuwa neno lake la siku zote, na hakuwahi kuongea na upande wowote.

"Mzazi anakimbia," alisema Mama Enock, sasa kwa sauti ya chini, ambayo ilikuwa mbaya kuliko ile ya juu. "Tumbo bado bichi. Mfuko wa uzazi utashuka, mtoto wa watu. Utaharibika, na ukiharibika hakuna wa kukwambia pole, kwa sababu hutaweza kumwambia mtu."

"Hayo ni ya zamani, mama. Sasa hivi watu wanafanya mazoezi."

Mama Enock akamchukua Elisha akatoka naye uani, na usiku ule uji haukupikwa.

Siku ya uwanja Jesca alijifunga akiwa amelala chali, Enock akivuta upande mmoja wa kanga. Suruali iliingia. Zipu ikafika juu. Alisimama mbele ya kioo kidogo cha ukutani akajiona mlinzi, na kwa jinsi alivyokuwa na furaha hakugundua kwamba anapumulia mabegani.

Uwanja ulikuwa wa shule ya msingi, vumbi na majani makavu. Walinzi wote walikuwepo, Selina amepewa filimbi. Kamanda alikaa kwenye kiti cha mwalimu kilichotolewa darasani. Nyuma ya uzio walikuwepo watu wachache, maana mahali penye mwanamke anayekimbia hapakosi watazamaji.

Filimbi ikalia. Jesca alikimbia vizuri. Hili liandikwe, kwa sababu baadaye lilisemwa vingine. Mzunguko wa kwanza alikuwa katikati ya kundi. Wa pili Anselm, kijana wa miaka ishirini na ushee, akaanza kutembea ameshika ubavu, na Jesca akampita. Alipompita, mkojo ukaanza. Alibana, ukazidi. Angeweza kusimama akajifanya anafunga kamba. Safari hii kiatu cha sare kilikuwa nazo. Hakusimama. Kaki ni kitambaa kisicho na siri: lilianza doa, doa likawa mchirizi, mchirizi ukashuka mpaka gotini, na vumbi likashika palipolowa.

"Ametoboka," mtu akasema nyuma ya uzio.

Kicheko kikazunguka uwanja kwa kasi kuliko yeye. Jesca alimtafuta Selina kwa macho. Selina alikuwa anaitazama filimbi iliyokuwa mkononi mwake, anaifuta kwa kidole gumba, kana kwamba hajawahi kuona filimbi.

Alimaliza. Alisimama mbele ya kiti cha mwalimu, mikono imenyooka ubavuni kama walivyofundishwa. Anselm alifika baadaye akitembea.

"Anselm, umepita, lakini punguza ugali," alisema Kamanda. Kisha akamwangalia Jesca, si usoni. "Wewe, mama, nenda nyumbani. Mlinzi anayejilowesha atamzuia nani? Suruali uifue, uirudishe kesho. Binti wa Manyoni ataihitaji."

Jesca alitembea kutoka shule mpaka Utemini akiwa vile vile. Hakuwa na kitenge. Mji ulikuwa umeamka wote.

Mama Enock alikuwa uani akipepeta ulezi. Aliinua macho, akaona uso, akaona suruali. Jesca alisubiri aambiwe, "Nilikwambia." Alikuwa tayari kwa hilo, alilihitaji hata, ili apate mtu wa kumjibu.

Mama mkwe aliweka ungo chini. Alimshika mkono, akamwingiza chumbani, akamfungua ile kanga tumboni, mzunguko baada ya mzunguko, na ngozi ya chini yake ilikuwa imekatika mistari myekundu. Akaivuta suruali ikatoka. Kisha akafanya jambo ambalo pale kwetu mama mkwe halifanyi: aliiweka kwenye beseni, akachota maji, akaketi kwenye kigoda, akaanza kuifua kwa mikono yake.

"Mama, acha. Mama, tafadhali, nitafua."

"Kaa unyonyeshe."

Alifua. Povu likaja, likaenda. Aliongea na maji.

"Huyo Enock wako alikaa njiani siku mbili. Tulikuwa msimu wa kulima, wiki iliyofuata nilikuwa shambani. Nikipiga jembe, kinatoka. Nikikohoa, kinatoka. Nikasema kitaisha. Nimeacha kucheza ngoma. Nimeacha kupanda gari la safari ndefu. Kuja kwenu hapa nilikaa na njaa na kiu toka jana yake. Baba yake Enock amekufa hajui. Alidhani nimekuwa mtu wa kujitenga."

"Mama."

"Rebeka huwa anasema nina majivuno, kwa sababu siketi kwenye mkeka wa wenzangu." Alikamua suruali, maji yakaanguka yote mara moja. "Nilipokwambia utaharibika ningekwambia najuaje. Sikukwambia. Nikanyamaza nikakuacha ukimbie."

Enock alikuwa mlangoni. Hakuna aliyejua amefika saa ngapi. Alikuwa na ndoo ya vifaa mkononi na hakuiweka chini.

Kulipokucha Mama Enock alivaa kitenge chake cha kanisani. Alimfunga Elisha mgongoni mwa Jesca, akaichukua ile suruali, ikiwa bado na unyevu kiunoni, akaikunja mkononi. "Twende tuirudishe," alisema. Jesca alisema anaweza kwenda peke yake. Hakujibiwa.

Walifika wakati wa kuingia zamu. Wanawake wa kuchambua mbegu walikuwa kwenye foleni mpaka nje ya geti, wanaume kwenye foleni yao, mashine ndani zimeanza kunguruma. Kamanda Benson alitoka kivulini. Aliona mama mtu mzima amesimama, na chochote kingine alichokuwa nacho au alichokosa, alikuwa amelelewa Singida.

"Shikamoo, mama," alisema.

Mama Enock hakuitika.

Kamanda alidhani hakusikika. "Mama, shikamoo."

Kimya. Foleni ya karibu ikageuka. Wewe uliyekulia huku unajua kimya cha namna hiyo. Mkubwa anaweza kukuchukia, anaweza kukudai, anaweza kuwa na kesi nawe mahakamani, ukimwamkia ataitika. Hata mgonjwa kitandani hunyanyua kidole. Kamanda alisimama na shikamoo yake mdomoni kama mtu aliyenyoosha mkono ukaachwa hewani, na masikio yake yakabadilika rangi.

"Kuna nini, mama?"

"Naitwa mama yake Jesca," alisema Mama Enock. Hakupandisha sauti. "Si wa kumzaa. Nimeleta suruali yako. Nimeifua mimi. Uliyemcheka kwayo alikuwa na mtoto tumboni hata mwaka haujaisha, na alikimbia akamaliza. Mimi huu ni mwaka wa thelathini na nne, tangu nimzae mume wake, nalowa hivyo hivyo. Sasa nakuuliza, Kamanda. Mama yako aliyekuzaa alibaki mkavu?"

"Mama, mambo haya hayasemwi hadharani."

"Yanachekwa hadharani."

Kamanda alicheka kidogo, akatafuta wa kucheka naye. Anselm alikuwa anaangalia ardhi. "Selina," alisema Kamanda, "endelea kupekua, watu wanachelewa."

Selina alikuwa amemshika mwanamke mmoja mfukoni. Alitoa mkono wake taratibu. Aliinua ncha ya shati lake la sare, na chini yake, juu ya suruali, kilionekana kipande cha kanga kilichopauka, kilichozungushwa mara nyingi.

"Nina watoto wanne," alisema Selina. "Kila nikizaa narudi hivi. Jana nilimwona mwenzangu nikafuta filimbi." Akaanza kukifungua kile kitambaa mbele ya watu wote, akakiweka juu ya meza ya upekuzi. "Leo sipekui."

"Basi watapekuliwa na Anselm," alisema Kamanda.

"Anishike Anselm?" mwanamke wa mbele akasema. "Hata mume wangu huomba kwanza."

Foleni ikacheka, kicheko tofauti na cha jana, kisha ikakaa chini. Mmoja mmoja, juu ya vitenge vyao, juu ya vumbi la mashudu. Kuna aliyesema, "Mimi nikipiga chafya." Kuna mama wa makamo aliyeanza kulia. Hakuna aliyevuka geti. Ndani mashine zilinguruma zikisubiri mbegu, kisha moja ikazimwa, na nyingine. Kamanda alipiga simu kwa wenye kampuni, akazunguka nyuma ya ukuta ili asisikike. Aliporudi alijaribu tena, sasa kwa unyenyekevu kidogo.

"Shikamoo, mama yangu. Tuongee basi."

Mama Enock alimtazama. Suruali bado ilikuwa mkononi mwake.

Hapo ndipo walipo sasa. Marahaba haijatoka. Haitatoka mpaka Jesca arudishwe kwenye lindo lake, apewe sare inayoufuata mwili wake, na apewe muda wa kupona kabla mtu hajampulizia filimbi. Na ugonjwa huu unatibika. Yapo mazoezi yake, ya kubana na kuachia, hayahitaji kiatu wala uwanja, mzazi anayaanza akiwa amelala kitandani anapotakiwa kulala. Kilichokosekana ni mtu wa kumuuliza. Mtoto hupimwa kila mwezi. Mama hupimwa na vijana wa bodaboda.

Ng'ambo ya barabara amesimama Enock, na ndoo yake ya vifaa. Amewafuata kutoka nyumbani kwa mbali. Anamwona mke wake amesimama, mtoto mgongoni, anamwona mama yake. Midomo yake inasema atakwenda kuongea nao, na miguu yake bado iko pale pale kwenye lami.

Wewe umesimama pembeni yake. Umekuwa umesimama hapo muda wote unasoma. Kwako yupo mwanamke aliyekuzaa au aliyekuzalia, ambaye hajawahi kuulizwa. Muulize leo, kabla hujapakuliwa chakula. Akikujibu usicheke, usiseme pole, mpeleke akatibiwe na ukae naye kwenye hilo benchi. Lakini kwanza mshike Enock mkono. Wanawake wamekaa chini kwenye vumbi na jua linapanda. Vuka barabara.